Ngoma Isikimbizwe

Katika shule zetu za msingi ngoma huchezwa zaidi siku ya kupokea wageni na siku ya mashindano. Hapo kosa moja huonekana waziwazi. Wapigaji huanza vizuri, wakasikia makofi ya watazamaji, wakazidisha kasi. Wachezaji nao wakabaki kuhangaika nyuma ya ngoma. Watoto wawili watatu wakipotea hatua, huondolewa kikundini na kuambiwa kuwa hawana kipaji. Twaona kwamba hukumu hiyo si ya haki. Kosa ni la ufundishaji.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Mdundo ni mpango wa mapigo: lipi zito, lipi jepesi, na wapi pana kimya. Kasi ni kiasi cha upesi ambao mapigo hayo hufuatana. Mtoto aweza kuujua mdundo barabara na bado akashindwa na kasi. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo hatajua amsaidie wapi.

Kasi ya ngoma ya jadi haikuwekwa ovyo. Yaambatana na kazi ya ngoma yenyewe. Tuchukue Bugobogobo ya Wasukuma, ambayo ni ngoma ya wakulima ichezwayo kwa majembe. Jembe lina uzito wake. Lahitaji muda wa kupanda na muda wa kushuka mpaka ardhini. Ngoma ikiupita muda huo, majembe ya watoto huishia hewani, na kinachobaki ni kutikisa mipini. Watazamaji watashangilia, lakini kilimo kitakuwa kimekwisha kutoka ndani ya ngoma.

Ugumu wa pili umo katika mdundo. Katika ngoma zetu nyingi mapigo matatu huenda pamoja na mapigo mawili kwa muda ule ule. Mwalimu aliyezoea kuhesabu "moja, mbili, moja, mbili" huugeuza mdundo huo ukawa wa gwaride. Twapendekeza njia ifuatayo. Darasa lihesabu polepole moja hadi sita, kisha lirudie bila kukoma. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye moja na nne. Kundi la pili kwenye moja, tatu na tano. Wakishatulia, wabadilishane. Mwishowe kila mtoto apige matatu kwa makofi na mawili kwa miguu. Zoezi hili halihitaji ngoma wala fedha, na hata darasa la watoto 60 laweza kulifanya.

Baada ya hapo mapigo yatamkwe kwa mdomo kabla ya kupigwa kwa mkono. Ngoma zitakapoletwa, mtoto mmoja mtulivu apewe pigo la msingi ambalo halibadiliki, na wenzake wamfuate yeye. Kasi ipimwe kwa pumzi za waimbaji: wakishindwa kumaliza mstari bila kutweta, ngoma imekimbia, nayo hapana budi irudishwe.

Wako watakaosema kwamba ngoma ya polepole haina msisimko. Ni kweli kwamba mafundi wa ngoma nao huongeza kasi. Lakini huiongeza mahali panapojulikana, baada ya kuitazama miguu ya wachezaji na kuona kwamba imetulia. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Mwalimu asione haya kumwalika mzee wa kijiji aijuaye ngoma hiyo, aje awaonyeshe watoto mahali hapo pa kuongeza.

Ninyi wanachuo mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, msikubali kumwondoa mtoto katika kikundi kabla hamjapunguza kasi na kumjaribu tena. Wengi wataweza. Na yule ambaye bado hataweza, arudishwe kwenye makofi ya mbili na tatu, si kwenye benchi la watazamaji.