Mshipa Nao Uhesabiwe Pamoja na Mashine

Kila zizinduliwapo mashine mpya za kusafisha damu katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, utepe hukatwa, idadi ya vitanda hutangazwa, na wenye maradhi ya figo hupata matumaini ya haki. Walakini ni nadra kusikia mtu akiuliza damu itatolewa kwa njia gani mwilini mwa mgonjwa, mara mbili au tatu kwa juma, takriban saa nne kila mara, mwaka baada ya mwaka, ilhali jambo hilo ndilo aghalabu liamualo ataishi muda gani akitegemea mashine hiyo.

Historia ya tiba hii yashuhudia. Mholanzi Willem Kolff aliunda mashine yake mjini Kampen mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, lakini kila alipomsafisha mgonjwa alilazimika kupasua mshipa mwingine, na mishipa ya mwanadamu ina ukomo. Kwa hiyo tiba yake iliwafaa wale tu ambao figo zao zilitarajiwa kupona zenyewe upesi. Ilipofika mwaka 1960, huko Seattle, Belding Scribner na wenziwe waliunganisha ateri na vena ya mkono kwa vijibomba vya Teflon vilivyoachwa nje ya ngozi, na Clyde Shields, aliyekuwa akingoja mauti, akaishi miaka 11 zaidi. Kisha mwaka 1966 matabibu wa New York, Brescia na Cimino pamoja na mpasuaji Appell, wakatangaza jambo ambalo hata leo halijapitwa: kushona ateri ya mgonjwa kwa vena yake mwenyewe karibu na kifundo cha mkono, ili vena ipanuke na kukomaa pasipo kuacha plastiki yoyote mwilini.

Hiyo ndiyo fistula. Yataka majuma kadhaa ikomae, na yataka vena njema. Na hapo ndipo taabu yetu ianzapo, madhali mgonjwa wetu aghalabu hufika amechelewa, akatiwa mpira wa shingoni kwa dharura, na mpira ule uliokusudiwa kukaa kwa muda mfupi ukakaa miezi, ukaingiza vijidudu katika damu na kuharibu vena kubwa za kifuani ambazo mpasuaji angezihitaji baadaye.

Kwa asiye na vena njema upo mshipa wa bandia, uliotengenezwa tangu miaka ya 1970 kwa Teflon ile ile iliyonyoshwa hata ikawa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Huchomwa sindano baada ya majuma mawili au matatu, na zipo aina mpya, zenye tabaka linalojiziba lenyewe sindano ichomolewapo, ambazo huweza kutumika baada ya siku moja hadi tatu. Kwa mwenye mpira shingoni hiyo si faraja ndogo. Lakini mshipa huu una kasoro yake ya asili, nayo iko pale unaposhonwa na vena. Damu yenye nguvu za ateri huingia katika mshipa laini ambao haukuumbwa kuipokea. Bomba halitanuki kwa mapigo ya moyo kama mwili utanukavyo. Damu huzunguka pale kama maji ya mto chini ya daraja, na ukuta wa vena huota nyama kwa ndani, njia ikawa nyembamba, mkondo ukapungua, damu ikaganda.

Mafundi wamehangaika na kiungo hicho kwa miongo. Wapo walioupanua mdomo wa bomba upande wa vena. Wapo waliolifanya liwe na milimita 4 upande wa ateri na 7 upande wa vena. Wapo walioweka heparini ndani yake ili damu isigande. Sipingi ubunifu huo, ila majaribio ya heparini hayakuafikiana. Na katika utafiti mwingine wa Marekani, usio wa heparini, uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu wagonjwa 649 wenye mishipa mipya ya bandia, mishipa iliyotimiza mwaka bila kuziba wala kurekebishwa ilikuwa asilimia 23 kwa wasiopewa dawa ya kuisaidia, na 28 kwa waliopewa. Na hiyo ni nchi yenye wapasuaji wa mishipa na vyumba vya kupanulia vena kwa puto katika miji mingi, sembuse mgonjwa wa Kigoma, ambaye mshipa ukiziba usiku huenda akasafiri siku nzima kumtafuta wa kuuzibua.

Basi bodi ya ununuzi iletewapo mshipa wa bei ghali wenye sifa nyingi karatasini, na iulize kwanza nani ataupima, kwa chombo gani, na vena ikibanwa itapanuliwa wapi. Maana mshipa wa bandia upitishao chini ya mililita 600 kwa dakika umekwisha kutoa onyo, na mwembamba hupanulika kwa wepesi kuliko ulioziba. Na bima igharimie fistula mgonjwa angali hajaihitaji mashine.

Lipo na jambo lisilogharimu hata senti. Tabibu ajuaye kwamba figo zinadhoofika aandike katika faili kuwa mkono usiotumika sana usitiwe dripu wala usitolewe damu, na panapokuwa hapana budi, uchomwe mgongo wa kiganja. Mgonjwa akishaelezwa huulinda mkono wake kwa ukali kuliko muuguzi yeyote. Shida ni kwamba aghalabu huelezwa viwiko vyote viwili vikiwa vimekwisha kuchomwa.