Si wati, ni gaini

Leo naweka kando programu na mitandao, niongee kuhusu kelele. Ukisafiri Jumapili kutoka Embu kwenda Meru, ukapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, makanisa mengi utayasikia kabla hujayaona. Hilo silo tatizo langu. Tatizo ni kwamba utasikia kelele na usisikie neno. Mhubiri anapopandisha sauti ndipo maneno yanapogeuka mchanga, na mama aliyeketi benchi la nyuma anabaki kuitikia amina kwa kukisia.

Kamati ikikaa, jibu huwa moja: spika ni ndogo, tufanye harambee tununue wati zaidi. Zinanunuliwa. Siku hizi hununuliwa na kile kisanduku chembamba kiitwacho DSP, kama dbx DriveRack au Behringer DCX2496 (hiyo 2496 ni biti 24 na kilohezi 96, kama ulikuwa unajiuliza). Baada ya miezi michache twita zimeungua na tumerudi pale pale. Maoni yangu, na najua mafundi wengine watanuna, ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo zimetupwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa saa moja na kupanga gaini.

Gaini ni nini? Ni kiasi ambacho kifaa kinakuza ishara inayopita ndani yake. Kipaza sauti cha Shure SM58, ambacho kanisa lolote lina kimoja au nakala yake bandia, hutoa kama milivolti 1.85 tu kikipata sauti ya desibeli 94. Mikisa inataka kufanya kazi karibu na volti 1.23. Kwa hiyo lazima ukuze, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu watu hawafanani. Msomaji wa Biblia mwenye haya husimama mbali na maikrofoni. Mhubiri huitia karibu mdomoni na kunguruma. Kati ya hao wawili tofauti ya desibeli 20 si ajabu, yaani volti mara kumi. Ukipanga gaini kwa msomaji na kuondoka, mhubiri atagonga dari.

Na dari ya dijitali haina huruma. Sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri. Namba kamili ya biti 16 inaishia 32767. Ukiongeza moja bila kinga, unapata hasi 32768. Kwenye sauti, huo ni mruko kutoka kilele hadi shimoni, na masikioni ni kama risasi. DSP nzuri hazikubali namba igeuke hivyo, zinaikata tu inapofika mwisho. Lakini hata kukatwa ni uharibifu: wimbi lililokuwa la mviringo linakuwa na kichwa bapa kama meza. Wimbi la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kilele kile kile, na sehemu ya ongezeko hilo iko kwenye sauti nyembamba, yaani inaelekea twita. Sasa unajua kwa nini twita ndizo hufa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba DSP za sasa hukokotoa kwa namba za nukta elea za biti 32, kwa hiyo hakuna dari. Ndani, ni kweli. Lakini mlango wa kuingilia una kigeuzi, na wa kutokea una kigeuzi, na vyote viwili vina mwisho wake. Ishara iliyokatwa mlangoni hairudishwi na hesabu yoyote.

Nije kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu halionekani kwenye taa. Kwenye DCX2496, mlango wa kutokea unaweza kutoa hadi dBu 22, ambazo ni karibu volti 9.75. Amplifaya nyingi zinahitaji kama volti 1.4 tu kutoa nguvu zake zote. Piga hesabu: tofauti ni kama desibeli 17. Maana yake, ukiwa umefungua amplifaya hadi mwisho, itaanza kukata mawimbi wakati DSP inaonyesha hasi 17, taa za kijani kibichi kabisa! Fundi anaangalia kisanduku, anaona salama, anaongeza. Huku nyuma amplifaya inalia.

Dawa yake ni kushusha amplifaya. Hapo ndipo ubishi huanza. "Tumelipia wati elfu mbili, wewe unatuambia tuziweke nusu?" Hapana. Ile nobu ya amplifaya haipunguzi wati, inapunguza ukuzaji. Ukiishusha desibeli 17, amplifaya bado itafika nguvu zake zote, ila sasa itafika pale DSP nayo inapofika dari. Taa nyekundu zitawaka pamoja, na taa itakuwa inasema kweli. Faida ya pili ni kwamba ile shhhh inayosikika wakati wa maombi ya kimya inaweza kushuka hadi desibeli hizo hizo 17, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mngurumo wa vifaa vya mbele uliokuwa unakuzwa bure. Angalia tu: ukishusha ya besi, shusha na ya sauti nyembamba kwa kiasi kile kile, la sivyo utaharibu mizani.

Huku mbele, mwambie mhubiri aseme kama anavyosema akiwa amewaka, si ile "one two, one two" ya upole. Panga gaini ya mikisa hadi sauti ya kawaida icheze karibu na hasi 18 kwenye DSP, na vilele visipite hasi 6. Fundi mmoja wa kukodisha mitambo pale Embu aliniambia kuwa hiyo ni kupoteza biti. Ni mawazo ya enzi za kanda na za biti 16. Kila biti ni takriban desibeli 6. Ukiacha nafasi ya desibeli 18 umeacha biti tatu, na kati ya 24 zinabaki 21, ambazo kwa hesabu ni desibeli 126. Mvua ya Aprili ikipiga mabati, nani atasikia hizo biti tatu?

Kuhusu kuongeza besi sitasema mengi. Ukipandisha hezi 60 kwa desibeli 12, umeomba volti mara nne na nguvu mara kumi na sita. Hakuna kanisa lina amplifaya ya namna hiyo. Punguza kinachozidi badala ya kuongeza kinachopungua.

Jambo la mwisho linaniudhi kama mwandishi wa programu. Kuna mafundi wanaotoka mjini, wanapanga DSP vizuri kabisa, wanaifunga kwa nywila, kisha wanaondoka nayo kichwani. Naelewa sababu: vijana wa kwaya hawaachi kugusa. Lakini mwaka ukipita spika moja ikabadilishwa, kanisa halina pa kuingilia, na fundi hapokei simu. Huo ni msimbo usio na maelezo, na mali si yake. Funga, sawa, ila nywila iandikwe ikae kwa katibu, na gaini za kila kifaa ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe nyuma ya kabati la mitambo: mikisa kiasi gani, DSP kiasi gani, amplifaya desibeli ngapi chini. Karatasi hiyo ni ya bei rahisi kuliko twita.

Na kwa majirani: kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinahusu makanisa pia. Mtambo uliopangwa vizuri hausikiki kwa sababu ya ukali wake, unasikika kwa sababu maneno yako wazi, na mara nyingi utagundua unaweza kuushusha bila mtu yeyote ndani kulalamika.

Limita nimeziacha makusudi, zinataka makala yake. Usiiguse yako kabla hujapanga gaini.