Frisia zangu ziliamshwa na moshi

Mama mkwe alizitundika juu ya mafiga akidhani ni vitunguu.

Nilikuwa nimenunua pakiti mbili za matunguu ya maua ya frisia mjini Nakuru, mwezi wa Januari. Ya kwanza niliipanda siku iyo hiyo kando ya mlango, hapa Rongai, nikamwagilia kila jioni kama sukuma wiki. Halikuota hata moja. Nilipofukua, machache yalikuwa yameoza, mengine yamelala mazima kama nilivyoyazika, na fuko alishapita na fungu lake. Pakiti ya pili ilikaa uchagani na mbegu ya mahindi, ikala moshi miezi mitatu. Mwezi wa Mei nikaipanda kwa hasira tu. Mwezi wa Septemba ua mzima ulinukia.

Bahati? Hapana. Frisia asili yake ni Rasi, Afrika Kusini, ambako kiangazi ni cha joto na mvua huja na baridi. Tunguu lake hulala, na ili liamke lataka wiki kumi au zaidi za joto la nyuzi 30 hivi. Likishapandwa, sasa lataka udongo wa baridi ndipo litunge maua. Moshi nao una ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi ukizivumbika, na Wajapani walishaonyesha kwamba huiamsha frisia. Mama mkwe hakusoma hayo popote.

Pakiti yenyewe iliniagiza nipande Septemba hadi Novemba. Ya nani hiyo Septemba? Kila kitabu cha bustani nilichoshika kimeandikwa na mtu mwenye majira manne. Sisi baridi yetu ni Juni na Julai. Ndege hubeba waridi za Naivasha kila usiku kwenda Uholanzi, lakini muuza mbegu wa Nakuru hawezi kumwambia mteja apande lini tunguu la shilingi chache! Nadai hilo tu: kalenda yetu iandikwe kwenye pakiti zetu.

Kwa sasa chukueni kalenda yangu: pandeni Mei. Inueni tuta, maana mvua ya Agosti huku haina huruma. Tandazeni waya wa kuku chini, kwa ajili ya fuko. Tunguu liende chini inchi mbili, ncha juu. Maua yakiisha msiyang'oe matunguu. Majani yaacheni yanyauke yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayolisha tunguu la mwaka ujao. Kisha fukueni, kausheni, pandisheni uchagani.

Wasio na uchaga sijui niwaambie nini. Kijana wangu ameninunulia jiko la gesi na anataka kubomoa jikoni pa zamani. Nimemwambia asubiri Mei.