Changarawe, Moramu na Treni ya Woodford

Tangu mkutano wa kwanza wa muhula wanachama wananiuliza maswali mawili: ile safari ya baiskeli tunayoipanga inakwenda wapi, na hizo njia zisizo na lami tunaziitaje kwa Kiswahili. Nianze na la pili, maana walimu wetu husoma safu hii wakiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Jibu la kamusi ni changarawe: vijiwe vidogo vidogo vilivyochanganyika na mchanga. Kokoto ni kubwa zaidi, zimepondwa, ndizo zinazoingia kwenye zege. Moramu ni ule udongo mwekundu wenye vijiwe unaomwagwa na kushindiliwa ili gari lipite hata masika, na ukimwuliza Mkenya habari za barabara ya kijijini kwao, mara nyingi atakutajia moramu kabla ya changarawe. Tanzania bara wanasema barabara ya vumbi, au rafu rodi wakiwa wamekasirika. Hata chombo chenyewe hakina jina moja klabuni kwetu. Sisi wa Kigoma tunasema baiskeli. Wenzetu ambao nyumbani kwao ni Lubumbashi wanasema kinga, na mgeni akisikia "nimepata kinga mpya" anaweza kudhani ni habari za chanjo. Mimi nitaandika changarawe, lakini moyoni nasoma moramu.

Sasa njia. Lidcombe ni reli, lami na makaburi ya Rookwood. (Jina la Lidcombe lilitungwa mwaka 1914 kwa kukata na kuunga majina ya mameya wawili, Lidbury na Larcombe. Kabla ya hapo mtaa wenyewe uliitwa Rookwood, na wakazi hawakupenda kuishi mahali panapoitwa kama makaburi. Nani angewalaumu?) Huwezi kupata kilomita ishirini za changarawe hapa bila kugonga taa za barabarani. Uzuri wa Lidcombe ni stesheni yake. Unapanda treni ya T1 hadi Penrith, unabadilisha na kuchukua treni ya Blue Mountains, unashuka Woodford. Baiskeli haitozwi nauli. Huhitaji gari, na wengi wetu hatuna.

Woodford iko takribani mita 600 juu ya usawa wa bahari. Glenbrook, tunakomalizia, iko chini ya mita 200. Kati yao ipo njia ya wazima moto iitwayo Oaks, zaidi ya kilomita 25 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Blue Mountains. Sehemu yake kubwa imefungwa kwa geti, kwa hiyo magari ya watu binafsi hayapiti. Yanaanza kuonekana unapokaribia mwisho, na hapo ndipo wenye baiskeli husahau kukaa kushoto. Usidanganywe na hesabu ya mita. Kilomita za mwanzo zinapanda na kushuka, tena zinapanda. Kisha njia inafunguka na kuteremka kwa muda mrefu, mchanga wa jiwe la rangi ya asali chini ya tairi, na kila baada ya mwendo kidogo kuna tuta lililochimbwa kukatiza njia ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Vijana hupenda kuyarukia matuta hayo. Mwishoni unashuka mpaka kwenye kijito cha Glenbrook, unakivuka kwa daraja la chini linalopitiwa na maji yakijaa, halafu unapanda mlima mkali wa lami hadi stesheni. Mlima huo ni mfupi, lakini unakukuta miguu imekwisha.

Hapo karibu na kijito kuna barabara ya kwenda kwenye pango ambalo kuta zake zina alama za mikono zilizoachwa na wenyeji wa nchi hii, miaka mingi kabla ya treni na geti. Mwenye nguvu iliyobaki aende akaone. Ardhi hii ni ya Wadarug na Wagundungurra, nasi ni wapita njia tu.

Kitu kinachonishangaza kila ninapopita kule ni harufu. Miti ni mikaratusi mitupu. Eneo la Blue Mountains liliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na sababu mojawapo ilikuwa aina zake za mikaratusi, zaidi ya tisini. Mama alipokuja nasi mpaka Glenbrook mara moja, alivuta pumzi akasema, "Hapa pananukia nyumbani." Hakukosea. Mti huu ulipelekwa Kenya mwanzoni mwa karne ya ishirini ili kupata kuni za injini za reli, na umeenea Ethiopia, Uganda, Burundi, Kivu, kila mahali penye mlima na uhaba wa kuni. Chukudu, lile baiskeli la mbao linalosukumwa Goma na Beni likiwa na mkaa, viazi na magunia ya kila aina, sehemu zake huchongwa kwa mkaratusi. Ila kwetu mti huu una sifa mbaya pia: unakunywa maji. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliagiza ing'olewe kando ya mito na kwenye ardhi oevu. Hapa Glenbrook imesimama pembeni kabisa mwa kijito, na kijito kinapita bila wasiwasi. Mti uko kwao.

Baba ndiye aliyekuwa na neno. Alipoona naifunga baiskeli yangu ya mitumba kwa ajili ya safari aliuliza, "Unasafiri saa mbili kwa treni ili ukatafute vumbi?" Yeye alibeba magunia ya mihogo kwa Phoenix kwenye vijiji vya Kasulu, na siku alipofika kwenye nchi ya lami alimshukuru Mungu kwa lami. Sikuwa na jibu la maana. Kwake baiskeli ni kazi, na vumbi ni kitu ambacho mtu hukioga jioni. Nadhani wazazi wengi wa wanachama wanaliona hivyo, na sidhani tunapaswa kuwacheka.

Lakini baadaye alikaa chini akaanza kubonyeza tairi zangu. Akasema hazina upepo. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya: tairi pana, milimita arobaini hivi, upepo kidogo, ili mpira uyakumbatie mawe badala ya kuyarukia, na mikono isife ganzi. Akatikisa kichwa. Ukiwa na kilo themanini kwenye keria, alisema, upepo ukipungua tu rimu inaugonga mpira kwenye jiwe na unapata matundu mawili kwa mpigo, na fundi yuko kilomita kumi. Kwa hiyo wao walijaza mpaka tairi likawa gumu kama ubao, wakakubali kutikiswa. Sote wawili tulikuwa sahihi, kila mmoja kwa mzigo wake. Jioni ile tulizungumza Kiswahili saa nzima bila kuchanganya, kitu ambacho hakitokei nyumbani kwetu kila siku: spoku, pedeli, cheni iliyolegea, breki za fimbo, pancha, viraka vya mpira wa zamani. Nina maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chetu cha mwaka wa pili.

Na si kwamba huko nyumbani vumbi limebaki la wabeba mizigo peke yao. Mwaka 2021 yalianza mashindano ya Migration Gravel Race kwenye Maasai Mara, siku nne, kilomita 650, wakimbiaji wa Kenya, Uganda na Rwanda wakipangwa na wageni kutoka Ulaya na Marekani. Mmoja wa waliosukuma jambo hilo ni Suleiman Kangangi wa Kenya, ambaye aliwahi kuendesha kwenye timu ya Bike Aid ya Ujerumani na baadaye akawa nahodha wa Team Amani. Hoja ya Amani ilikuwa rahisi: vijana wa Afrika Mashariki wanakosa mashindano na wanakosa viza, basi mashindano yaje kwao, na yaje kwenye barabara wanazozijua. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Hiyo ilikuwa lami. Lakini Kangangi hakuiona. Alifariki Agosti 2022 huko Vermont, Marekani, baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe.

Namtaja kwa sababu ya mteremko wa Oaks. Mtu yule aliishi kwenye baiskeli. Changarawe haikamati tairi kama lami. Ukibana breki ya mbele kwenye kona yenye vijiwe, gurudumu linateleza na huna muda wa kufikiri. Kwa hiyo kwenye safari ya klabu hakuna kuruka matuta na hakuna kushindana kushuka. Atakayetaka mbio apande nazo ule mlima wa Glenbrook, tutamngoja stesheni na soda.

Waliokwisha kuizoea Oaks wananiuliza kuhusu Wisemans Ferry. Hiyo ni safari ya gari, treni haifiki. Mnavuka mto Hawkesbury, ambao Wadarug wanauita Dyarubbin, kwa pantoni ya bure (wa Kigamboni na Likoni mtajisikia mko kwenu, ila hakuna foleni ya kuku), kisha mnaingia Old Great North Road, barabara iliyochongwa kwenye mwamba na wafungwa kati ya 1826 na 1836, wengine wakiwa na minyororo miguuni. Zaidi ya kilomita 40 zake hazipitiwi na magari. Kuta za mawe waliyoyapanga bado zimesimama. Ni nzuri na ni ngumu, na maji ya kunywa hakuna. Mwaka ujao, labda.

Kwa Oaks: maji lita mbili kila mtu, kwa kuwa njiani hakuna bomba la kutegemea. Kofia ngumu, ambayo hapa ni sheria. Mpira wa akiba unaoingia kwenye tairi lako wewe, si la jirani, pampu, na chakula. Simu zitapoteza mtandao mahali pengi, basi tutakwenda kwa makundi ya wanne, na kila kundi litakuwa na mtu aliyewahi kuipita njia. Mvua kubwa ikinyesha lile daraja la kijito hufungwa, na hapo hatuendi kabisa. Nitaangalia taarifa za hifadhi Ijumaa jioni na kuwaandikia kabla ya saa tatu usiku. Walimu mnaotaka kuja semeni mapema. Kuna baiskeli mbili za kuazima, na moja ina keria.