Muziki usisubiri piano

Sikubali kwamba tusubiri vyombo kwanza ndipo tufundishe muziki shuleni. Hapa Salamabila, tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na hata vitabu havitoshi. Piano itatoka wapi? Lakini ngoma zipo, likembe ipo, na sauti kila mtoto anayo.

Kumbukeni Kamina, Katanga. Padri Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao. Mwaka 1958 wakaimba Ulaya, wakarekodi misa iitwayo Missa Luba. Nguvu yao ilikuwa mapigo na mitindo ya kuimba ya kwao.

Walimu, anzeni na wimbo wa kuitikiana: mmoja aanze, wote wajibu. Watoto wapige makofi kufuata silabi za maneno. Hapo wanajifunza kusikiliza, kuhesabu na kusoma pamoja. Waiteni wazee Wabangubangu wanaojua kupiga ngoma wawafundishe watoto, nao wazazi tuwalipe hata kwa mchele.

Huku dhahabu inawavuta watoto machimboni mapema. Tuwape kitu cha kupenda shuleni. Wakurugenzi wa shule, tengeni nusu saa kila juma, kuanzia sasa.