Sitachanga

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha familia kule Mishomoroni, mamangu aliniita mchoyo mbele ya watu kumi na wanne. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Huyu mwanangu amekuwa mchoyo," akaendelea kumimina chai.

Kikao kilikuwa cha kumchangia mdogo wangu aende Dubai. Ana miaka 23, amemaliza kozi ya umeme, na kwa mwaka mzima kazi aliyopata ni kushikia watu tuktuk jioni. Ajenti mmoja mjini amempa bei: shilingi 145,000. Hapo mna tikiti, viza ya matembezi ya siku 60, bima, na wiki mbili za kulala. Kazi ataitafuta akifika. Kila mtu alipangiwa kiasi chake. Mimi nilipangiwa 20,000, na nikasema sitatoa hata mia.

"Lakini wewe ulienda," ami yangu akaniambia. "Sasa mlango ulioingilia wewe, mwenzako umfungie?"

Siku ile nilishindwa kumjibu vizuri, maana nilikuwa nalia. Jibu langu ndilo hili.

Ndio, ami, nilienda. Niliondoka uwanja wa Moi, hapo Port Reitz, Machi 2023, na viza kama hiyo hiyo. Nilikaa Deira kwenye chumba cha wanawake wanane, vitanda vya kupandana, pazia kila kitanda. Kila mmoja wetu alikuwa mtalii kwenye karatasi. Hakuna aliyekuwa ameona kivutio chochote zaidi ya stesheni ya metro.

Siku 60 ni nyingi kwa mtu aliyekuja kupumzika. Kwa anayetafuta kazi ni chache sana. Wiki mbili za kwanza unajifunza mji na unachapisha CV. Wiki ya tatu unaitwa mahojiano, unaambiwa watakupigia. Wiki ya sita unaanza kuhesabu siku kwenye kalenda ya simu. Hapo ndipo ajenti anakukumbuka: "Sista, viza yako inaisha. Nikufanyie exit?"

Kwa wasiojua, exit ni hivi. Zamani kidogo uliweza kubadilisha viza ya matembezi ukiwa ndani ya nchi, unalipa tu. Mwishoni mwa 2022 mlango huo ulifungwa kwa wengi: ilibidi utoke kwanza, viza mpya itolewe ukiwa nje, ndipo urudi. Basi kampuni za safari zikapata biashara nono. Kuna mabasi ya kwenda mpakani Oman. Kuna ndege za kwenda nchi jirani na kurudi, ambapo hutoki hata nje ya uwanja: unashuka, unakaa kwenye viti vya chuma, unangoja ujumbe kwamba viza imetoka, unapanda tena. Si jambo geni. Miaka ya 2000 watu walikuwa wakipelekwa kisiwa cha Kish, Iran, kungoja viza namna hiyo hiyo, na wapo waliokwama huko wiki na wiki kwa sababu viza haikuja na pesa za kurudi hawakuwa nazo.

Mimi nilifanya exit mara mbili, Mei na Julai. Kila moja dirhamu 1,200. Kwa bei ya wakati ule ya shilingi 38 hivi kwa dirhamu, hizo mbili ni zaidi ya elfu 90. Pesa hizo nilizipata kwa kufua na kusafisha nyumba za watu kwa siku, kazi ambayo viza yangu ilinikataza kuifanya.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Watu wanadhani ajenti hula pale anapokupeleka. La. Akikupeleka, ukapata kazi wiki ya tatu, ukapewa viza ya kazi na mwajiri, ajenti amekupoteza. Hutamlipa tena maisha yako yote. Lakini usipopata kazi, kila baada ya siku 60 unarudi kwake na dirhamu mkononi. Biashara yake inanawiri wewe ukikwama. Sisemi kila ajenti ni mwizi. Nasema hata yule mwaminifu, anayekupa risiti na kukuita sista, faida yake iko kwenye kukosa kwako. Mtu wa namna hiyo humpi mtoto wako akamtafutie kazi.

Tena jamani, someni ile risiti. Yangu iliandikwa "gharama za utalii". Kazi haikutajwa popote. Nilipomlalamikia baadaye, ajenti wa hapa Mombasa aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye aliniuzia safari, na safari nilisafiri. Alikuwa na haki. Kampuni za kupeleka watu kazini ng'ambo hupewa leseni, na orodha yake iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Muuza viza ya matembezi haitaji leseni hiyo, kwa kuwa hajaahidi kazi. Ahadi ya kazi anaitoa kwa mdomo, au anamwachia shangazi yako aitoe.

Najua mtaniambia wapo waliofaulu. Wapo. Katika wanawake wanane wa chumba chetu, wawili walipata viza ya kazi. Mmoja yuko mapokezi hotelini mpaka leo, na amemjengea mamake nyumba Utange. Simwonei wivu. Lakini sita je? Ajenti hana picha za sita. Anazo za wawili, na ndizo anazoweka kwenye status kila asubuhi.

Mtaniambia pia huku hakuna kazi. Hapo sibishani. Mimi ni mtoto wa Mombasa bara. Mwaka 2019 makontena yaliposukumwa kwa lazima kwenye reli ya SGR, nilimwona babangu, dereva wa trela wa Changamwe, akikaa barazani siku nzima na funguo mfukoni. Gereji, vibanda vya chakula, maturnboi, wote walisinyaa. Watu wakaandamana kila Jumatatu. Agizo hilo lilikuja kuondolewa Septemba 2022, na waliokuwa wameuza malori yao hawakurudishiwa na mtu. Kwa hivyo msiniambie mimi habari ya njaa. Naijua, na ndiyo maana inaniuma kuona mtu anaigeuza kuwa soko.

Kuna na wale wanaosema, "Exit ni halali, acha kutisha watu." Kweli, kutoka na kurudi ni halali. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ndiko si halali, na mambo yamekaza kuliko nilipokuwa huko. Tangu 2024 mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali anaweza kupigwa faini ya kuanzia dirhamu 100,000 mpaka milioni moja. Hebu fikirieni maana yake. Mwajiri mwema ataogopa kukushika hata kwa siku tatu za majaribio. Atakayekubali kukushika ni yule aliyezoea kuvunja sheria, na aliyethubutu kuivunja ya serikali yake atashindwa kukudhulumu wewe mshahara? Utamshtaki wapi, na kwa karatasi gani?

Nami yalinifika. Septemba nilikosa pesa ya exit ya tatu, nikapitisha siku 11. Faini ya serikali ni dirhamu 50 kwa siku, kwa hivyo 550. Hiyo ningeiweza. Lakini viza nyingi za matembezi hutolewa kupitia kampuni ya safari, na kampuni ndiyo mdhamini wako. Ukichelewa, inaweza kukuripoti kwamba umetoroka. Ajenti wa kule, yule yule wa sista sista, akanitumia ujumbe: nilipe 2,500 au aniripoti. Mnakumbuka Septemba ile niliyopiga simu nikisema nina malaria nataka pesa za hospitali? Mama aliuza kabati la vyombo. Sikuwa na malaria.

Nimeandika hayo kwa mara ya kwanza, na atayasoma.

Waliokuwa na zaidi ya siku 11 niliwaona pia. Serikali ya kule ilipotoa msamaha Septemba 2024, wa miezi miwili kisha ukaongezwa mpaka 31 Desemba, watu walijaa kwenye kituo cha Al Awir kuondolewa faini ili warudi kwao au waanze upya. Wengi waliingia na viza ya siku chache kama ya mdogo wangu.

Nikienda Shanzu kwa kazi zangu, namwona mzee mmoja Mzungu aliyekaa pwani hii miaka mingi. Kila siku zake zikikaribia kwisha, dereva wake humvusha feri ya Likoni, wanashika barabara ya Lunga Lunga, wanavuka Horohoro, wanakula samaki Tanga, wanarudi. Hajawahi kulala kitini. Watu wanamwita mgeni wetu. Mwanzo nilikasirika: kwa nini yeye ni mgeni na mimi nilikuwa mtoro? Siku hizi naona jibu ni rahisi. Viza ya matembezi imeundwa kwa ajili ya mtu mwenye pesa za kutumia. Yeye anazo, pensheni inaingia kila mwezi. Sisi tunaichukua karatasi hiyo hiyo twende tukatafute pesa, halafu tunashangaa inapotutafuna. Kwa Mzungu, mpaka ni matembezi ya siku moja. Kwetu ni kodi ya nyumba, chakula na ada ya mtoto, zote zimelipwa kwa kampuni ya basi.

Lakini nikimlaumu ajenti peke yake nitakuwa mwongo. Ajenti hakuja Mishomoroni kumshawishi mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemshawishi. Siku nilipopiga picha mbele ya Burj Khalifa, miwani usoni, nilikuwa nimekula mkate mmoja tangu jana yake. Niliiweka kwenye status nikaandika alhamdulillah. Alikuwa na miaka 20 au 21, akaifanya picha ya simu yake. Kila tuliyerudi tunafanya hivyo hivyo. Tukiulizwa kwa nini tumerudi, tunasema mkataba uliisha. Mkataba gani? Tunaficha aibu yetu, na aibu yetu ndiyo tangazo la bure la ajenti.

Nyinyi mliobaki nanyi mna sehemu yenu. Kijana akisema anataka 145,000 afungue duka la vifaa vya umeme pale Mlaleo, hapaitwi kikao. Anaambiwa asubiri, Mungu atafungua. Akisema Dubai, ndani ya wiki mbili watu wanauza mbuzi. Tumekubaliana bila kusema kwamba pesa yetu ina heshima ikipanda ndege tu.

Simkatazi mtu kusafiri. Babu zetu walipanda majahazi kwenda Arabuni, itakuwa ajabu leo niwaambie wajukuu wakae nyumbani. Ninachokataa ni mtu kuondoka bila kazi halafu tuite hiyo kazi. Sheria ya kazi ya Imarati, inayotumika tangu Februari 2022, inasema gharama za kuajiri hulipwa na mwajiri, si mfanyakazi. Kuna barua rasmi ya kazi inayopitia wizara yao, inayotaja cheo na mshahara, na inasainiwa kabla hujapanda ndege. Hiyo ndiyo karatasi ya kudai. Ajenti akikwambia "barua utapata ukifika," mwambie na pesa atapata ukifika. Utaona atakavyokasirika.

Basi, ami, mlango siufungi. Ile 20,000 yangu ipo. Kama mdogo wangu anataka paspoti, nitalipia. Cheti cha tabia njema, nitalipia. Akitaka mtihani wa daraja la juu wa umeme ili CV yake iwe na uzito, nitalipia na nauli ya kwenda. Na siku ataleta barua ya kazi iliyotangulia tikiti, niwekeni wa kwanza kwenye daftari, 60,000 badala ya 20,000, hata nikikopa.

Lakini kwa siku 60 za kuhesabu kwenye simu, sitachanga. Niiteni mchoyo.

Mdogo wangu hajanijibu tangu Jumapili. Jana usiku nilimtumia picha nyingine ya mwaka ule, ambayo sikuwahi kuiweka popote: kitanda changu cha Deira, pazia limefunguliwa, begi miguuni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuliweka. Ameiona. Zile alama mbili zimekuwa za buluu.