Baiskeli ya Umeme Milimani: Wati Peke Yake Si Hoja

Msafiri atokaye Mombo kwenda Lushoto hufuata barabara inayojipinda ubavuni mwa milima ya Usambara kwa kilometa 33 hivi, na katika safari hiyo hupanda kiasi cha mita 1,000. Motokaa hutia gia ndogo na kunguruma. Mwenye baiskeli hushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono wa pili, akaanza kusukuma. Ndiyo maana baiskeli, ambayo katika nchi tambarare ni chombo cha kutegemewa na mwananchi wa kawaida, milimani hugeuka kuwa nusu chombo na nusu mzigo.

Tangu kampuni ya Yamaha ya Japani ilipoanza kuuza mwaka 1993 baiskeli ambayo mota yake humsaidia mpandaji kila anapokanyaga pedali, vyombo vya namna hiyo vimeenea katika nchi nyingi. Kila vinapofika penye milima, swali linaloulizwa kwanza ni lile lile: Je, mota ndogo ya wati 250 yaweza kupanda mlima? Aghalabu jibu hutolewa haraka kwamba haiwezi, na kwamba mlima wataka mota ya wati 1,000 au zaidi. Jibu hilo lina sura ya busara, lakini hesabu hailiungi mkono. Mota ndogo yaweza kupanda, ila kwa masharti. Mnunuzi anayeangalia wati peke yake huenda akalipa fedha nyingi kwa kitu asichokihitaji, akakosa vitu viwili anavyovihitaji mno, yaani gia na breki.

Hesabu ya mlima

Yafaa kwanza kutofautisha kani na nguvu. Kani ni ule msukumo unaohitajika ili chombo kisirudi nyuma. Nguvu, ambayo hupimwa kwa wati, ni kani hiyo ikizidishwa kwa mwendo. Kwa hiyo kani kubwa yaweza kupatikana kutokana na nguvu ndogo, maadamu mtu amekubali kwenda polepole.

Chukua mfano wa mtu mwenye kilo 60, baiskeli yenye kilo 25 pamoja na betri yake, na mzigo wa kilo 15. Jumla ni kilo 100, ambazo dunia huzivuta kwa kani ya nyutoni 980. Katika mwinuko wa mita 3 kwa kila mita 100, ambao ndio wastani wa njia ya Mombo hadi Lushoto, mlima hudai nyutoni 29. Msuguano wa magurudumu juu ya lami hudai kama nyutoni 10 nyingine. Jumla ni nyutoni 39. Kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa, nguvu inayotakiwa ni wati 164 tu.

Mwinuko ukifika mita 10 kwa kila mita 100, kama ilivyo katika njia nyingi ziendazo vijijini, kani hupanda hadi nyutoni 108. Anayeng'ang'ania kwenda kilometa 15 kwa saa atahitaji wati 450. Lakini akikubali kwenda kilometa 8 kwa saa, atahitaji wati 240. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 kwa miguu yake kwa muda wa saa kadhaa bila kuchoka sana. Basi mota itabakiwa na kazi ya wati 165, kazi iliyo ndani ya uwezo wake.

Hata mzigo ukiongezwa hadi kilo 75, jumla ikawa kilo 160, mlima huo huo utapandwa kwa wati 240 kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Msomaji wa mjini anaweza kuucheka mwendo huo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa yule ambaye vinginevyo angeusukuma mzigo wake kwa mikono, mwendo wa kutembea huku ameketi kitini ni faida kubwa.

Adui ni joto

Ikiwa hesabu yasema hivyo, kwa nini husikika kwamba mota ndogo zimeungua mlimani? Sababu ni joto. Kani ya mota hutokana na mkondo wa umeme unaopita katika nyaya zake. Kani ikitakiwa mara 2, mkondo nao huwa mara 2, lakini joto linalozalika katika nyaya huwa mara 4. Katika mfano wa hapo juu, mota inayovuta peke yake, ikitoka kwenye mwinuko wa mita 3 kuingia ule wa mita 10, hupata joto linalozidi mara 7. Tena joto hilo halijali kama gurudumu linakwenda mbio au linajikokota. Mota inayokaribia kusimama hula umeme na kuugeuza karibu wote kuwa joto.

Hapo ndipo namna ya kuifunga mota inapokuwa na maana kuliko wati zake. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina mota iliyofungwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Mota hiyo ni rahisi kutengeneza na haili mnyororo, lakini haina njia ya kubadili gia. Hata zile zenye gia ndogo kwa ndani huwa na gia moja tu isiyobadilika. Zimekusudiwa barabara tambarare kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa. Zikilazimishwa kuvuta mzigo kwa kilometa 5 kwa saa zitavuta kitambo, kisha zitanuka.

Mota iliyofungwa penye pedali ni kinyume cha hiyo. Yenyewe huvuta mnyororo, na mnyororo huo hupita katika meno ya gia za nyuma. Mpandaji anapotia gia ndogo, mota huendelea kuzunguka kwa kasi inayoifaa, mkondo haupandi ovyo, na gurudumu hupata kani kubwa kwa mwendo mdogo. Wati 250 zenye gia zitaupanda mlima ambao wati 500 zisizo na gia zitaungulia njiani. Kasoro yake ni kwamba mnyororo na meno huchakaa upesi zaidi, na bei yake ni ya juu. Lakini bei hiyo hununua uwezo wa kweli.

Ieleweke vilevile kwamba tarakimu iliyoandikwa juu ya mota haisemi jambo moja kila mahali. Katika kanuni za Ulaya za mwaka 2002, wati 250 ni nguvu ambayo mota yaweza kuitoa mfululizo bila kuungua, si ukomo wa nguvu yake. Kwa dakika chache mota hiyo yaweza kutoa mara 2 ya kiasi hicho. Kinyume chake, mfanyabiashara anaweza kuandika wati 1,000 kwa mota ambayo huzitoa kwa nukta chache tu.

Betri na miguu

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 huhifadhi nishati ya wati-saa 360. Kuwapandisha mtu na mzigo wake mdogo, kilo 100 jumla, kutoka Mombo hadi Lushoto kwahitaji kama wati-saa 361 za kazi halisi. Kwa kuwa robo ya umeme hupotea njiani, mtu asiyekanyaga pedali ataishiwa na betri baada ya kilometa 25 hivi, naye atasukuma chombo kizito kuliko baiskeli ya kawaida. Lakini akikanyaga kwa wati 75 na kusafiri kwa muda wa saa 3, atatumia kama nusu ya betri. Miguu ya mpandaji, basi, ni sehemu ya mtambo. Anayebeba mizigo mikubwa kila siku hana budi kuwa na betri ya pili, na gharama hiyo aihesabu tangu mwanzo. Umeme wenyewe si ghali: yuniti 1 yaweza kuijaza betri ya namna hii mara 2 na zaidi.

Wapo watakaosema kwamba pikipiki humaliza yote haya. Ni kweli kwamba pikipiki ndogo ina nguvu ipatayo kilowati 7, na mlima kwake si kitu. Lakini pikipiki hudai petroli kila siku, na anayeihitaji kwa haraka ya biashara si yule anayesukuma baiskeli kwa sababu hana nauli. Hoja ya baiskeli ya umeme haikusudiwi kumshusha mwenye pikipiki, bali kumpandisha mwenye kusukuma.

Mlima una pande mbili

Jambo linalosahauliwa ni kwamba mazao ya milimani, kama kabichi, nyanya na matunda, hushuka kwenda sokoni. Mkulima hupanda akiwa mtupu au na mzigo mdogo, na hushuka akiwa na mzigo mkubwa. Kilo 160 zinaposhuka mita 1,000, hata baada ya msuguano wa magurudumu kuchukua sehemu yake, hubakia nishati itoshayo kuchemsha takriban lita 3 za maji ya baridi. Upepo huchukua kiasi, na kinachosalia chote huishia katika breki.

Breki za vyuma na vipande vya mpira, kama zile za baiskeli za zamani za Phoenix, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tena zikilowa mvua hushika kwa shida, na Usambara haina uhaba wa mvua. Mota ya kitovuni isiyo na gia yaweza kusaidia kwa kugeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo katika betri, lakini haifai kuwa breki ya kutegemewa peke yake, kwa sababu betri iliyojaa haipokei tena. Kumpa mtu mota inayompandisha juu zaidi pamoja na mzigo zaidi, bila kumpa breki za kumrejesha salama, ni kumwongezea hatari.

Lipasalo kufanywa

Kwa sababu hizo, mjadala wa wati ngapi wafaa uachwe, na mahali pake yawekwe masharti yanayopimika. Shirika la Viwango Tanzania lingefanya vyema kudai kwamba kila baiskeli ya umeme inayouzwa kwa matumizi ya mizigo iwe na kibao kinachoonyesha mambo manne: nguvu ya mfululizo, uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba, mwinuko inaoweza kuupanda kwa nusu saa bila mota kuungua, na umbali inaohitaji ili kusimama katika mteremko huku imebeba mzigo wote. Vyuo vya ufundi stadi navyo viwafundishe vijana kutengeneza mota, gia na betri hizi, kwani chombo kisicho na fundi kijijini huishia kuwa tundu la kuku.

Vipimo hivyo havihitaji maabara ya gharama kubwa. Kamba ya kupimia, mizani, saa, kipimajoto na barabara ya Soni vyatosha. Yule anayedai kwamba baiskeli yake yaweza kupanda milima aipeleke huko, apakie keria kama mkulima apakiavyo, apande hadi juu, kisha ashuke.